Pampu ndogo ya shinikizo hasi kwenye jeraha lililotoa flapu: inafaa wapi, haifai wapi

Mgonjwa aliyeondolewa saratani ya ulimi, kisha akajengewa ulimi mpya kwa ngozi ya mkono, anatoka hospitali na majeraha matatu. La kwanza liko mdomoni. La pili liko kwenye kigasha, palipokatwa flapu, yaani kile kipande cha ngozi kilichohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. La tatu liko pajani, palipochukuliwa ngozi nyembamba ya kufunika kigasha. Daktari akija wodini humulika mdomo kwanza, na ana haki, maana flapu ikifa kazi yote imeharibika. Lakini miezi sita baadaye, mdomo ukiwa umepona vizuri, kinachomsumbua mgonjwa ni mkono: kano inayong'ang'ania ngozi, ganzi nyuma ya kidole gumba, baridi inayouma, kovu lenye shimo. Mahali hapo palikuwa pazima kabla hatujapagusa. Kila tatizo linalobaki pale tumelileta sisi.

Pampu ndogo za kutupwa za shinikizo hasi zimetengenezwa kwa majeraha ya namna hii, na watu wengi huuliza kama zinastahili kununuliwa. Tathmini hii inahusu hasa aina isiyo na chupa ya kukusanya majimaji. Mfano unaojulikana zaidi ni PICO ya Smith+Nephew: pampu inayoingia mfukoni, betri 2, shinikizo la milimita 80 za zebaki chini ya hewa ya kawaida, na uhai wa siku 7. Majimaji huingia kwenye pedi, na sehemu kubwa hupotea kwa kuvukiza kupitia utando wa juu. Ndugu yake mwenye chupa ndogo ni Prevena, inayovuta kwa milimita 125 na imekusudiwa zaidi mishono iliyofungwa. Tumeiangalia aina isiyo na chupa katika sehemu tano zinazotoa flapu mara kwa mara: kigasha, mguu, paja, mgongo na tumbo.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwenye kigasha na mguu vilivyopandikizwa ngozi, ni kifaa kizuri na tunakipendekeza. Kwenye paja lililoshonwa kinasaidia kidogo. Kwenye mgongo, uzi na sindano vinakishinda. Kwenye tumbo, tatizo lililo zito liko chini ya ngozi, kwenye ukuta wa misuli, na pampu haifiki huko.

Inachofanya hasa

Ngozi iliyopandikizwa haina damu yake. Siku 2 za mwanzo inaishi kwa kufyonza majimaji ya kitanda ilicholazwa, kisha mishipa midogo inaungana, na kufikia siku ya 5 hivi imeshika. Ikisogea katika siku hizo, hata kwa milimita chache, mishipa hiyo inakatika. Damu au majimaji yakijikusanya chini yake, inaelea na kufa. Kazi ya pampu, kwa hiyo, ni mbili: kuibana ngozi sawasawa kwenye kila bonde na kilima cha jeraha, na kuondoa majimaji kabla hayajakaa. Haileti damu mahali pasipo na damu. Anayeelewa hilo hataidai miujiza, na hatalaumu kifaa kwa kosa lililofanyika saa sita kabla ya kufunguliwa kwa pakiti.

Kigasha

Flapu ya kigasha inayolishwa na ateri ya radiali ilielezwa na madaktari wa China mwaka 1981, na tangu mwanzo lawama yake kubwa imekuwa mahali inapotoka. Ngozi ya hapo ni nyembamba, na chini yake hakuna misuli ya kutosha karibu na kifundo, kuna kano. Kano ya fleksa kapi radialisi, moja ya zile zinazokunja kifundo, ndiyo inayoumbuka mara nyingi: inasimama juu ya nyingine kama kamba iliyovutwa, na kipandikizi kikilala juu yake kinakuwa kama hema juu ya mti, pembeni kikiwa kimeacha nafasi tupu.

Pampu inafanya kazi vizuri hapa kwa sharti kwamba kano imebaki na paratenoni, ule utando mwembamba unaong'aa na wenye mishipa midogo sana. Paratenoni ikichunwa, au ikikauka, ngozi haishiki. Shinikizo liwe 80 au 125, ni sawa. Na hapa kuna kosa linalotokea kimyakimya. Flapu ikishakatwa, macho ya timu nzima yanahamia shingoni kwenye darubini, kuunganisha mishipa. Kigasha kinaachwa wazi chini ya taa kwa saa mbili au tatu. Utando ule unapoteza mng'ao, unakuwa kama karatasi, na hakuna aliyeugusa kwa kisu. Dawa yake ni shashi iliyolowanishwa maji ya chumvi, inayolowanishwa tena kila baada ya dakika 20 hadi 30, na mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina. Bora zaidi, kama kuna mikono ya kutosha, funga kigasha wakati mishipa inaunganishwa.

Kabla ya kufikiria pampu, mambo haya yawe yamefanyika:

Flapu ikatwe juu ya fashia (utando mgumu unaofunika misuli) inapowezekana, badala ya kuiondoa fashia pamoja nayo. Fashia ikibaki, kano zinabaki zimefunikwa, na kipandikizi kinapata kitanda laini.

Neva ya juujuu ya radiali itafutwe na iachwe mahali pake pamoja na mafuta yanayoizunguka. Matawi yake hupita upande wa kidole gumba karibu na vena ya sefaliki, na mtu anayeifuata vena kwa haraka huikata neva bila kujua. Hakuna dresingi itakayorudisha hisia hiyo.

Kano iliyosimama izikwe. Vuta nyama ya fleksa ya juujuu ya vidole kutoka upande mmoja na nyama ya fleksa ndefu ya kidole gumba kutoka upande wa pili, uzishone juu ya kano kwa uzi wa kuyeyuka wa 3-0 au 4-0 (namba hizi ni za unene wa uzi). Mishono 3 au 4 hutosha. Kikunje na kukinyoosha kifundo baada ya kushona. Kano ikichomoza tena, mishono haijatosha.

Jeraha lipunguzwe. Uzi mmoja wa kuzungushia kingo, ukivutwa kama mdomo wa mfuko wa kamba, hupunguza eneo linalohitaji ngozi. Usivute hadi mkono ukabanwa: vidole vikibadilika rangi, legeza.

Damu ikome kabisa. Mgonjwa wa flapu mara nyingi yuko kwenye aspirini au hepari kulinda mishipa iliyounganishwa, na mkanda wa kuzuia damu ukifunguliwa, vijitundu vilivyokuwa kimya huanza kutiririka. Subiri dakika 10 baada ya kuufungua, kausha mishipa yote, ndipo ulaze ngozi. Pampu isiyo na chupa haikuonyeshi ni kiasi gani cha damu kimetoka. Utaona pedi imejaa tu.

Ngozi yenyewe ichunwe kwa unene wa milimita 0.3 hadi 0.4. Isipitishwe kwenye mashine ya kutoboa wavu, kwa sababu alama za wavu hubaki mkononi maisha yote. Badala yake, toboa vijitundu vya milimita 5 kwa kisu namba 15, kila baada ya sentimita moja au mbili, ili majimaji yapate njia ya kuifikia pedi. Hatua hii ikisahaulika pampu huvuta dhidi ya ukuta: ngozi nzima isiyo na tundu haipitishi majimaji. Shona kingo kwa uzi wa kuyeyuka wa 5-0.

Sasa pampu. Chagua ukubwa kwa kuangalia pedi, usidanganywe na kipimo cha nje. Dresingi ya sentimita 15 kwa 20 ina pedi ya 10 kwa 15 tu. Kinachobaki ni ukingo wa kunata. Pedi ifunike kipandikizi chote na kuvuka kingo zake. Usiikate ili ienee. Ukiikata umetoboa muhuri na umeharibu tabaka za kufyonza. Nyoa nywele, kausha ngozi kabisa, subiri dawa ya kusafishia ikauke. Tabaka la chini la silikoni linaweza kugusa kipandikizi moja kwa moja, ila safu moja ya wavu wa silikoni chini yake hurahisisha sana kazi ya siku ya kutoa.

Weka kifundo kwenye mkao kitakachobaki nao, yaani kimenyooka au kimeinuliwa nyuma kidogo, ndipo ubandike. Ukibandika mkono ukiwa umekunjwa kisha ukaufunga gango, utando hufanya mikunjo penye mstari wa kifundo, na hapo ndipo hewa hupenya. Kituo cha mrija kiwe sehemu ya juu kabisa mkono ukiwa umeinuliwa, ili majimaji yasikitangulie na kukiziba. Mkono ukilazwa juu ya mito kiganja huwa juu ya kiwiko, kwa hiyo elekeza kituo upande wa kifundo, nje ya kipandikizi. Gango likae upande wa nyuma wa mkono, lisikandamize mrija.

Usizungushe utando ukaukamata mkono mzima kama bangili. Mkono huu umepoteza ateri moja. Unaishi kwa ateri ya alna, ambayo kipimo cha Allen (kubana ateri zote mbili kifundoni, kisha kuachia ya alna na kuona kama rangi ya kiganja inarudi) kilipaswa kuithibitisha kabla ya upasuaji. Bonyeza kucha: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Angalia kila saa kwa siku ya kwanza.

Washa. Dresingi inasinyaa, inakuwa ngumu kidogo ukiigusa, na taa ya kijani inamulika. Ikimulika taa ya kuvuja, pitisha kidole kuzunguka kingo zote kwanza. Mara nyingi ni mkunjo mmoja tu. Bandika kipande cha ziada hapo.

Siku ya 5 hadi 7 ndiyo ya kufungua, na hapa watu huharibu kazi njema kwa haraka. Zima pampu, tenganisha mrija, acha dakika chache shinikizo lipotee. Lowanisha kingo. Nyoosha utando sambamba na ngozi badala ya kuuvuta juu. Ukiona wavu umeshika kipandikizi, uache, uulowanishe, urudi kesho. Ngozi ya waridi imeshika. Nyeupe ipewe muda. Buluu iliyovimba ina damu chini yake: ipasue kidogo, isukume damu nje kwa pamba iliyoviringishwa, kisha ifunge tena. Nyeusi juu ya kano imekufa.

Kano iliyofichuka kwa chini ya sentimita moja haihitaji kurudi chumba cha upasuaji. Itunze iwe na unyevu kwa jeli, ibadilishe mara kwa mara, na nyama mpya kutoka pembeni huifunika kwa wiki kadhaa. Ikifichuka zaidi ya hapo, au paratenoni ikiwa imeondoka kabisa, fikiria ngozi bandia ya tabaka mbili kama Integra, iliyotengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na kifuniko cha silikoni. Inahitaji wiki 3 hivi kuingiliwa na mishipa, ndipo silikoni inatolewa na kipandikizi chembamba kuwekwa. Pampu inasaidia kuishikilia muda huo, na hapo inafanya kazi yake vizuri sana.

Je, pampu inashinda bandeji ya kawaida? Tuwe wakweli. Jaribio la nasibu lililochapishwa mwaka 2010, likilinganisha shinikizo hasi na bandeji ya kubana kwenye kigasha, halikuona tofauti ya maana katika kupona. Halitushangazi. Kitanda kikiandaliwa vizuri, njia zote mbili hufaulu. Kikiandaliwa vibaya, zote hushindwa. Tunachokipenda kwenye pampu ni kwamba haitegemei sana mkono wa aliyefunga. Bandeji ya pamba iliyofungwa kwa nyuzi hulegea uvimbe unapopungua siku ya 2 au ya 3, na hubana katikati kuliko pembeni. Pampu inabana kwa nguvu ileile siku ya 1 na siku ya 5, na mgonjwa anatembea nayo.

Asiyekuwa na pampu asihuzunike. Shona kingo za kipandikizi kwa hariri ya 4-0, mishono 8 hadi 12 ikiachwa na mikia mirefu. Laza safu moja ya shashi yenye vaselini. Lowanisha pamba kwa maji ya chumvi, ikamue, ijaze kwanza mabonde ya pembeni mwa kano na baadaye katikati. Funga mikia inayotazamana, wawili wawili, huku msaidizi akiishika pamba. Weka gango. Usiguse hadi siku ya 5, isipokuwa pakinuka, homa ikipanda au vidole vikibadilika.

Na kuhusu lile jeraha la tatu la pajani: lina njia ya kuepukwa. Ngozi ya unene wote ya kinenani, au ya sehemu ya juu ya kigasha hichohicho, ikikatwa kwa umbo la jani, mahali hapo hushonwa moja kwa moja. Inachukua muda zaidi kushika kuliko ngozi nyembamba, na inadai kutotikisika zaidi, kwa hiyo ndipo pampu inapopata thamani yake kubwa. Tunafurahi kila tunapoona mgonjwa aliyeepushwa na wiki mbili za paja linalochoma.

Mguu uliotoa fibula

Fibula ni mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu. Kanuni ni zilezile, na tofauti ni uzito wa mwili na mteremko wa damu. Kipande cha ngozi kinachotoka na mfupa kikizidi upana wa sentimita 4 au 5, usilazimishe kushona, pandikiza ngozi. Kulazimisha huku ndiko kunakoleta shinikizo ndani ya vyumba vya misuli, na msuli uliokufa kwa kubanwa hauponi kwa dresingi yoyote. Acha fashia wazi. Funika kano za peronei, zilizo upande wa nje wa mguu, kwa nyama iliyo jirani kabla ya kulaza ngozi.

Jambo moja la kukosoa kifaa hapa: dresingi haionyeshi kilicho chini. Mgonjwa akilia maumivu makali, na maumivu yakizidi unapovinyoosha vidole vya mguu, usibaki unatazama taa ya kijani ukaridhika. Taa inazungumzia muhuri wa hewa tu. Fungua kila kitu uangalie.

Elekeza kituo cha mrija mbele, upande wa muundi, kisilaliwe. Gango lishike kifundo kwenye nyuzi 90, na livifikie vidole ili kidole kikubwa kisijikunje: fleksa ndefu ya kidole hicho hutokana na fibula yenyewe, na ikipona ikiwa fupi, mgonjwa hukanyaga kidole chake kama ndoano. Kuhusu mfupa, pampu haina la kusema; pale kinacholinda kifundo ni kuacha sentimita 6 hadi 8 za fibula upande wa chini, na upande wa juu sentimita kadhaa ili neva ya peronei isiguswe. Kutembea kuanze kipandikizi kikishakaguliwa.

Paja

Flapu ya mbele na nje ya paja inapendwa kwa sababu mara nyingi paja hushonwa na mgonjwa hubaki na mstari mmoja. Kipimo cha kuamua kipo: upana wa flapu ukigawanywa kwa mzingo wa paja usizidi asilimia 16. Paja lenye mzingo wa sentimita 50 linaruhusu upana wa 8. Likipimwa kabla ya kuchora, nusu ya matatizo hayazaliwi.

Kwenye mshono ulioshonwa bila kubanwa sana, pampu inashikilia kingo pamoja, inapunguza majimaji na kukinga uchafu. Ni faida, ila ni ndogo, na dresingi ndefu ya sentimita 10 kwa 30 au 40 itahitajika. Tungeihifadhi kwa mgonjwa mnene, mwenye kisukari, mvutaji sigara, au mshono uliovutwa hadi kingo zikawa nyeupe kidogo. Udhaifu wa goti haiuponyi: huo hutokana na neva ya msuli wa nje wa paja kukatwa au kuvutwa wakati wa kuifuata mishipa, na neva hiyo hupita sambamba na mishipa kabisa. Ihamishe kwa upole, na ikibidi kukatwa ili mishipa itoke, iunganishe papo hapo.

Mgongo

Hapa hatupendekezi pampu. Msuli mpana wa mgongo ukiondolewa, nafasi kubwa inabaki kati ya ngozi na ukuta wa kifua, na kila mgonjwa anapoinua mkono tabaka hizo mbili zinasuguana. Matokeo ni seroma, majimaji ya njano yanayorudi hata yakivutwa kwa sindano wiki baada ya wiki. Pampu ya juu ya ngozi inabana mstari wa mshono. Nafasi iliyo sentimita 10 mbali na mshono haijui kama pampu ipo.

Kinachofaa ni kushona tabaka pamoja, kama fundi anavyoshona godoro. Kazi hii iliandikwa tangu miaka ya 1990 na imebaki kuwa njia nafuu kuliko zote. Tumia uzi wa kuyeyuka wa 2-0 au 3-0. Anza mbali kabisa na mshono, ndani, urudi kuelekea kingo kwa safu. Kila mshono ukamate fashia iliyo chini ya mafuta ya ngozi, kisha fashia ya ukuta wa kifua, umbali wa sentimita 3 hivi kati ya mmoja na mwingine. Jeraha kubwa huchukua mishono 20 au zaidi. Sindano ipite sambamba na ubavu, kamwe isielekezwe katikati ya mbavu. Ukikamata ngozi yenyewe, utaona kishimo juu. Kitoe ushone tena, maana kishimo hicho hakiondoki kwa wepesi.

Uzi wenye miiba, kama V-Loc au Quill, unaokoa muda kwa sababu hauhitaji fundo kila mara. Ubaya wake ni kwamba miiba haigeuki: ukivuta kupita kiasi, hakuna kulegeza, unakata na kuanza upya. Mwishoni rudi nyuma mishono 2 kabla ya kukata, na ncha isibaki karibu na ngozi, itachoma. Gundi ya fibrini inaweza kuongezwa, ikipulizwa kwa safu nyembamba. Ikimwagwa nene inakuwa ukuta unaozitenganisha tabaka ulizotaka ziungane. Mrija wa kutoa maji ubaki hadi kiasi kishuke chini ya mililita 30 kwa saa 24.

Tumbo

Mshono mrefu wa chini ya tumbo unafaidika na pampu, hasa katikati ambako kingo huwa na damu haba. Lakini mgonjwa anayerudi na tumbo lililovimba upande mmoja ana udhaifu wa ukuta. Kinachoamua hilo ni kiasi cha fashia na msuli ulichoondoa, ni neva ngapi za msuli ulizokata, na namna ulivyofunga fashia, pamoja na wavu wa kuimarisha ukuta au bila wavu. Fedha ya pampu ingenunua wavu, tungechagua wavu.

Wodini na nyumbani

Kifaa kizuri kinaharibika mikononi mwa asiyeambiwa. Muuguzi wa zamu na mgonjwa wote wajue maana ya taa nne: sawa, inavuja, imejaa, betri. Pampu ina sumaku, kwa hiyo ikae angalau sentimita 10 mbali na kifaa kingine cha kitabibu, kikiwemo cha kusaidia moyo. Haiingii kwenye mashine ya picha za sumaku. Mgonjwa anaruhusiwa kuoga maji ya kumwagika taratibu akiwa ametenganisha pampu na kuiweka pakavu, ncha ya mrija ikitazama chini ili maji yasiingie. Asikae bila pampu muda mrefu. Mrija ukiwa umekunjwa chini ya mwili usiku, taa inaweza kumulika asubuhi bila kosa la dresingi.

Pedi ikijaa kabla ya siku 2, acha kufikiria kubadilisha dresingi peke yake. Jeraha linatoa kuliko lilivyotarajiwa: ni damu, au ni maambukizi, au ni jeraha lililohitaji tangu mwanzo mashine kubwa yenye chupa na sifongo. Ikiwa ni nyekundu mbichi, zima pampu, bonyeza kwa mkono, mwite daktari wa upasuaji. Taa ya kuvuja ikirudi ndani ya saa moja baada ya kubandika vipande vya ziada mara 2, toa dresingi yote uweke mpya. Ngozi iliyo chini ya ukingo imelowa, na hakuna gundi itakayoshika hapo hadi ikaushwe.